Hatua ya Mtu Aliyebeba Mzigo: Wasifu wa Marehemu Mama Sabuni

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa ofisini mliokuja na magari matatu, karibuni. Tumekusanyika hapa uani kumsindikiza mke wa kaka yangu. Kaka alipewa karatasi aandike wasifu, akaandika mstari mmoja, akaukata, akaniita mimi shemeji mtu. Sikusoma sana, kwa hiyo mtanivumilia. Ofisi ilituma ujumbe kwamba kipande cha kazi kiwe kifupi. Ujumbe tuliupata.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi bomba na mkewe muuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la zamani. Mama yake, huyu aliyekaa hapa, anasema hakuwahi kuona mtoto msumbufu kama yule. Watoto wengine wakivunja kitu wanakificha. Yeye alivunja sahani ya wageni akaja na vipande amevibeba kwenye sketi, baba yake ananyoa ndevu, hata mlio hakuusikia.

"We mtoto, mbona unaniletea kesi ambayo sijaifungua?"

"Ukiifungua baadaye utamchapa kaka."

Kaka mwenyewe leo ni dereva wa lori, na anasema ni kweli tupu. Kila kilichovunjika nyumbani mwao kilimalizikia mgongoni kwake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1978, akamaliza la saba mwaka 1984, akaenda sekondari ya bweni ya wasichana, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1991 hadi 1995, akasomea mambo ya vyombo vya umeme. Darasa zima alikuwa mwanamke peke yake. Chuo hakikuwa na bweni la wanawake, wakampa chumba cha stoo kilichopakana na jenereta. Miaka minne alilala na lile dude likinguruma. Ndiyo maana, kwa wale mliokuwa mnadhani anawagombeza, alikuwa anawasalimia tu.

Tarehe 3 Februari 1997 aliajiriwa kwenye karakana ya jeshi, ofisi ya mwisho kwenye ukumbi mrefu wa sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka unajiona kidevu. Kazi yao ilikuwa kumjulisha askari mahali alipo. Simu yako wewe inajua ulipo kwa kuziuliza satelaiti huko juu. Ikiuliza kila saa, betri inakata kabla ya chakula cha mchana. Na adui akiamua kuzipigia kelele hizo satelaiti, simu inabaki imeduwaa. Marehemu na wenzake walitengeneza kitu kinachouliza mara moja tu kabla ya safari, halafu kinajilalia. Baada ya hapo kinahesabu hatua zako, kinaangalia umeelekea wapi, kinazidisha, kinakwambia uko wapi. Betri mbili ndogo za tochi zilikitosha wiki tatu. Ofisini kilikuwa na jina la herufi na namba. Kwa umbo kilikuwa mche wa sabuni, kijani, chenye pembe butu, na kwa hiyo kila mtu alikiita Sabuni, na yeye akawa Mama Sabuni mpaka jana.

Sabuni ilitakiwa isife. Kwa hiyo ilikuja kuuawa nyumbani. Ilichemshwa sufuriani. Ilitupwa kutoka darini, ikapigwa danadana na watoto, ikakanyagwa na lori la kaka mtu, mbele na nyuma. Siku moja kaka yangu alifungua friza atoe nyama, akakuta Sabuni nne zimelala kama samaki.

"Mke wangu, hii friza ni ya nyama au ya jeshi?"

"Ya jeshi. Nyama imepanga tu."

Na kubana betri kulimwingia mpaka kwenye damu. Ukitoka chumbani ukaacha taa, ulisikia, "Hiyo inammulikia nani?" Tulishakunywa chai gizani nyumba hii, tukipapasa vikombe.

Alifunga ndoa na kaka yangu Jumamosi tarehe 7 Agosti 1999. Kaka ni fundi cherehani. Walikutana marehemu alipokwenda kibandani kwake kushonesha kifuko cha kuvaa kiunoni. Kaka akamuuliza kinatiwa nini. "Siruhusiwi kusema." Kiuno cha nani? "Siruhusiwi." Kiuno chenyewe kipana kiasi gani? "Siruhusiwi."

"Basi dada, mimi nashona hewa."

Alirudi mara tano kurekebishiwa kile kifuko ambacho hakikuwa na kasoro. Kaka anasema alichumbia ili aone kama yule dada ataruhusiwa kusema ndiyo. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 2001 na mvulana mwaka 2004.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hiki ndicho kipande kilichoombwa kiwe kifupi.

Sabuni ilihesabu hatua, sawa. Lakini hatua moja ni ndefu kiasi gani? Lazima kuna mtu alitembea, akapimwa. Waliotembea walikuwa watu wa ofisi yenyewe, kwenye ule ukumbi wa sakafu ya kung'aa, mikono mifukoni, wengine na vikombe vya chai. Marehemu naye alitembea. Wakachukua hatua hiyo ya wastani, wakaifungia ndani ya kila Sabuni, mtu asiweze kuigusa. Baadaye likamjia usingizini, akaenda kwa mkurugenzi.

"Mkubwa, askari anabeba mzigo wa nusu ya uzito wake, anapanda matope. Hatua yake haiwezi kuwa ya karani anayekwenda chai. Nipe askari kumi wenye mizigo niwapime."

"Dada, mwezi ujao wageni wanakuja kwenye maonyesho. Hatua ni hatua."

Mkurugenzi mwenyewe yupo hapa, kiti cha mbele, shati jeupe. Karibu sana, mkubwa. Maji yapo.

Maonyesho yalipendeza. Sabuni ikagawiwa jeshini mwaka 2017, na kwenye sherehe mkurugenzi alimkabidhi marehemu Sabuni moja ndani ya kiboksi cha kioo, kutambua utumishi wake, wapiga picha wakiwepo. Picha hiyo imo kwenye ukurasa wa nyuma wa ratiba mliyoshika.

Tarehe 18 Juni 2019, kikosi cha sajini mmoja kilipita kwenye bonde la msitu, mizigo mgongoni, mvua imenyesha siku mbili. Amri ilikuwa: mkishavuka bonde, toeni taarifa, makombora yetu yapige bondeni nyuma yenu, kwa sababu adui anawafuata. Juu satelaiti zilikuwa zimezibwa. Miti ilikuwa mingi hata mbele huoni. Walichokuwa nacho ni Sabuni, iliyoingizwa umbali wa kuvuka bonde kabla ya safari. Na kwa kuwa walitembea hatua fupi fupi za mtu aliyebeba mzigo, na Sabuni ikazihesabu kama hatua ndefu za mtu wa chai, ikadhani wameshafika mbali. Ikatetemeka kiunoni kama ilivyofundishwa, ikaandika UMEFIKA. Sajini akasoma, akapiga redio: "Tumeshavuka."

Walikuwa bado bondeni.

Vijana watano walikufa kwa makombora ya kwao wenyewe. Walipokwenda kuwatoa, walikuta Sabuni zote nzima. Hata moja haikupasuka. Betri zina nguvu, na kila moja imeandika UMEFIKA.

Sajini alipona, kwa hiyo akashitakiwa yeye. Taarifa ya uongo iliyosababisha vifo. Ofisi ikaeleza mahakama ya kijeshi kwamba kifaa kilifaulu majaribio yote: kilichemshwa, kiligandishwa, kilikanyagwa na lori. Mimi nilikuwa nyuma ukumbini, na lile lori nalijua. Marehemu hakuitwa. Alijipeleka, akasimama pale na sauti yake ya jenereta. Mwendesha mashitaka akamuuliza, "Kwa hiyo wewe mtengenezaji unasema chombo chako ni kibovu?"

"Chombo ni kizima. Hatua iliyomo ndani ndiyo ya uongo. Nami ni mmoja wa walioitembea."

"Uliwahi kuona kikikosea kwa mtu mwenye mzigo?"

"Nilinyimwa hao watu."

"Kwa hiyo hukuona."

"Sikuona."

Ikaishia hapo. Sajini akapata miaka kumi na miwili. Marehemu akahamishiwa stoo ya karakana, kupanga misumari na nati za boliti, mhandisi wa miaka ishirini na tatu kazini. Hakulalamikia stoo. Kila alipopata nafasi aliomba jambo moja: apewe watu, wabebeshwe mizigo, watembee na Sabuni, na mtu wa ofisi awepo aone. Akajibiwa kwamba jaribio la aina hiyo halihitajiki. Alipotaka kufanya la kwake mtaani, wakili wa sajini akamwambia, "Mama, utasema wewe, watasema mtengenezaji ana lake moyoni. Nahitaji aone mtu wa kwao."

Alimtembelea sajini gerezani kila mwisho wa mwezi. Nilimsindikiza mara nyingi. Yule bwana ana mzaha mbaya.

"Mama Sabuni, umefika? Hukupotea? Maana kwa hicho chombo chako, nilidhani utaishia kwenye banda la kuku la jirani."

Marehemu alicheka pale pale, mpaka askari magereza akageuka. Halafu sajini akasema polepole, "Mama, mimi nilisoma kilichoandikwa."

"Ulisoma sawasawa, mwanangu. Mwongo ni sisi."

Tulirudi kwa basi mpaka nyumbani. Taa aliikuta inawaka na hakuuliza inammulikia nani.

Mwezi Oktoba 2022 figo zake zilianza kushindwa. Akawa anapelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliiangalia ile mashine kwa dharau. "Inakula umeme kama kiwanda," alimwambia muuguzi. "Ningekuwa na nguvu ningeirekebisha." Wakubwa wa ofisi hawakufika hospitali hata siku moja. Tuseme walikuwa na shughuli.

Wiki mbili kabla ya kufariki alinivuta shati.

"Shem, mtanibeba watu sita, siyo?"

"Acha maneno hayo, shemeji."

"Naulizia uzito tu. Mimi na jeneza. Na njia ya makaburini ni mlima kidogo."

"Unataka nini?"

"Mkurugenzi atakuja. Mtu akishakufa huwa wanakuja. Ile Sabuni ya kwenye kioo, itoeni. Mfungeni nayo kaka yangu kiunoni."

Nilidhani ni dawa zinaongea. Nikamweleza mama yake mzazi, nikitegemea atanifukuza. Mama akasema, "Huyu hajawahi kuniomba upuuzi. Mbebeni hivyo hivyo."

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Ameacha mama mzazi, mume, binti ambaye ni muuguzi, mvulana anayesomea ualimu, kaka dereva wa lori, wadogo zake wawili, na mimi shemeji nitakayekosa mtu wa kunisema. Ameacha pia sajini mmoja, ambaye hakuruhusiwa kuja kuzika. Mke wake yupo, yule pale karibu na mlango, na wakili amesimama ubavuni kwake. Rufaa itasikilizwa tarehe 4 mwezi ujao.

Sasa tunaondoka. Jana kaka mtu alipima kwa kamba ya mafundi ujenzi kutoka mlango huu mpaka kaburini, wakili akiangalia. Umbali huo umeingizwa kwenye Sabuni, ile ile ya kiboksi cha kioo, haikuguswa ndani. Kaka mtu ameivaa, na atabeba mbele. Wabebaji watatembea kama watu wanaotembea na jeneza. Hakuna kufupisha hatua makusudi, hakuna kurefusha.

Mkurugenzi, tunakuomba utembee pembeni ya kaka mtu, wewe na wahandisi wako wawili. Kama ulikuwa na haraka ya kurudi ofisini, utusamehe, lori limezuia magari yenu, na funguo ziko mfukoni mwa mtu aliyefiwa na dada yake. Sabuni ikitetemeka, tutasimama hapo hapo. Utaisoma kwa sauti, mke wa sajini akusikie. Halafu utaangalia mbele, utuambie kama hapo pana kaburi. Ukisema lipo, tutamshusha hapo hapo barabarani. Ukisema halipo, tutaendelea na safari, na tarehe 4 utakwenda kuyasema hayo hayo mbele ya majaji.

Wabebaji, shikeni.

Apumzike Mama Sabuni. Amani ataletewa na sajini akitoka.