Skadi ni Nyanyake Nani?

Vita vya Ghuba vilipiganwa kwingi mwaka ule wa tisini na moja, lakini vikali zaidi vilikuwa Kibokoni, barazani kwa Gunga muuza kahawa. Redio zilikuwa mbili. Ya Kavumbi, bawabu wa ghala moja la Shimanzi aliyeitwa Jenerali ingawa silaha yake ilikuwa rungu, ilinasa Baghdad. Ya Kioko, karani wa reli, ilinasa London, na mwenyewe akabandikwa jina la London. Masha hakujali vita asubuhi ile. Bintiye alitimiza siku ya saba, akika ilikuwa kabla ya adhuhuri, na alitamani kumpa jina la marehemu mamake, Kadzo. Ila alimwogopa mama mkwe, Bi Khairiya, mzaliwa wa Mji wa Kale, asije akaona jina la Kigiriama halifai. Alikuja kuomba ushauri, maskini, pahali ambapo ushauri haukuwahi kupungua wala kufaa.

— Mwanangu leo yuapawa jina, alianza.

— Ngoja! alisema Jenerali. Jana tumedungua ndege sitini.

— Mmedungua? Wewe na nani? aliuliza London.

— Mimi na redio.

— Yangu yasema ndege zote zimerudi, na marubani wamekunywa chai.

— Hiyo yako yapika habari. Haba na haba hujaza kibaba: leo sitini, kesho sitini, Ijumaa watakuja kwa miguu.

— Ni mtoto wa kike, Masha alijaribu tena. Nilikuwa nawaza...

— Wa kike ndiye khasa! Mwite Skadi, kama kombora la Baghdad. Nani atamchezea?

— Mwite Patrioti, alisema London. Ndiyo inayoidaka Skadi hewani, kama golikipa.

— Yaidaka wapi! Baghdad hutuma Skadi moja ya kuzuga, ya pili yapita uchochoroni. Mwenda pole hajikwai.

— Mbona basi hazifiki?

— Hazifiki? Na ule moshi wa Kibarani watoka wapi?

— Kibarani wachoma taka, alisema Gunga akimimina. Kila siku wachoma.

— Ndivyo wanavyotaka uamini! walifoka Jenerali na London kwa pamoja, na ndiyo mara ya kwanza wiki ile kukubaliana.

Masha alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Kikombe cha kwanza alikuwa upande wa London. Cha pili akahamia Baghdad, maana Jenerali alikuwa na sauti kubwa. Cha tatu akaona Skadi ni jina tamu: fupi, lina nguvu, na hakuna mkwe wa kulipinga. Kadzo alikuwa amemtoka kichwani kabisa.

Ndipo Bi Khairiya akatokea kwenye kona, amejifunga buibui lake. Redio zilipunguzwa sauti.

— Sabalkheri, wanangu.

— Sabalkheri, Bi Khairiya.

— Masha, mbuzi ashapikwa, shehe yuaja. Jina?

— Skadi, mama.

Bi Khairiya hakukasirika. Alilitafuna jina lile kidogo.

— Mtoto wa kwanza huitwa jina la nyanyake, baba. Huyu Skadi ni nyanyake nani?

Jenerali alitazama redio yake. London akatazama ya kwake. Walijua Skadi huruka umbali gani na hubeba baruti kiasi gani, lakini ukoo wake hawakuujua. Masha aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

— Mamangu alikuwa Kadzo, alisema polepole.

— Najua. Wiki nzima nangoja ulitaje. Ningelitaja mimi, wangesema mkwe kashika usukani. Haya, twende tukamwite Kadzo. Nanyi zimeni hayo makelele mje mle.

Walizima. Masha alijawa na furaha hata akasahau kuvaa kiatu kimoja, ikabidi arudi.

— London, hili la Kadzo redio yako italitangaza? aliuliza Jenerali wakiwa njiani.

— Wapi! Yako je?

— Wala yangu.

— Basi ni kweli, alisema Gunga, akabeba dele lake la kahawa akawafuata.