Mlango Usio na Kibao

Bajaji ilipotoka Nkuhungu, mama mwenye sare ya kwaya alimgeukia dada aliyekaa kati yetu. "Si wewe nesi uliyeng'oa kibao cha uzazi wa mpango pale zahanati?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Kilitazamana na mashine ya kusaga. Binti akiwaona mama zake kwenye foleni ya unga, anarudi nyumbani."

"Marahaba. Na arudi! Mnawafundisha uhuni." Hasira haikumzuia kuitikia salamu.

"Mbona wakishapata mimba mnawaleta wenyewe?"

Dereva alipunguza mwendo, na tuta halikuwepo. Mimi nilijifanya nasoma simu iliyokwisha chaji.

Mama akashusha sauti. "Niambie tu, binti yangu Anna amewahi kufika kwako?"

"Hata akifika, mama, hutasikia kwangu. Ndiyo maana Jumamosi mchana mabinti wanajaa kwangu." Alisema taratibu, kama anayetaja jina lake.

Mama alinuna mpaka kituo cha Kikuyu. Aliposhuka, akainama kutuchungulia.

"Mimi sijakubaliana na wewe. Ila Jumamosi namtuma Anna sokoni. Akichelewa kurudi, sitamuuliza."