Mguu wa Kapteni Mlangoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Vipindi wa kituo chetu cha televisheni, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, ndugu mwenye ukumbi, uliyetupatia viti hivi na feni ile moja inayozunguka kwa hiari yake, waheshimiwa wazazi, kina mama na kina baba, ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa, ila mmepita barabarani, mkasikia muziki, mkaingia. Nanyi ni wageni wetu, karibuni.

Kabla sijaendelea, ningemwomba aliye karibu na mlango wa nyuma aufunge. Mwanga wa jua unaingia mpaka kwenye kitambaa cheupe, na filamu yetu imepigwa ndani ya tangi la maji lenye giza, haitaki jua.

Nimepewa heshima ya kusema kwa niaba ya waigizaji wa filamu mtakayoitazama mchana huu, ambayo ni hadithi ya kisayansi ya kubuni, ihusuyo watu wachache waliobaki ndani ya chombo cha anga, wakiiacha dunia iliyokauka na kuelekea nyota ambayo hakuna ajuaye kama itawapokea. Kazi yangu ni kuwaeleza waigizaji hawa ni kina nani, wametoka wapi na wamefanya kazi gani maishani. Hiyo ndiyo niliyopewa. Nyingine nimejipa mwenyewe, na wanaonifahamu hawatashangaa: tangu ujana wangu nimekaa kwenye meza iliyo nje ya lango la mahakama, nikiwaandikia watu maombi yao, na sijawahi kusimama mbele ya mkubwa nikakaa bila kuacha ombi. Ombi la leo litafika kwa wakati wake. Kwanza watu, kisha ombi. Ndivyo barua nzuri inavyoandikwa.

Naanza na mwongozaji wetu. Binti huyu, mnayemwona pale akijifanya anarekebisha waya, ni mpiga picha za paspoti. Mtaa mzima umepita mbele ya kamera yake akiuambia, "Usicheke, inua kidevu, usipepese." Alipotujia na wazo la filamu tulimuuliza atawapata wapi waigizaji. Akajibu, "Sitaki mtu anayejua kuigiza. Nataka mtu ambaye mikono yake imeshazoea kitu, kisha nimpe kitu hichohicho angani." Basi akaenda kuwatafuta watu wake si kwenye majukwaa, bali makazini.

Wa kwanza alikuwa Shangazi wa Stendi, ambaye sauti yake mmeisikia kabla hamjaijua sura yake, kwa kuwa ndiye anayetangaza mabasi yaingiayo na yatokayo. Alianza kwa kuuza tiketi dirishani. Siku mtangazaji alipougua koo wakamsukumia kipaza sauti, na hakukirudisha. Yeye ndiye sauti ya kompyuta ya chombo chetu. Siku ya kurekodi alipewa mstari mmoja wa kusoma: "Kapteni, hewa inapungua." Shangazi akavuta pumzi, akasema, "Kapteni, hewa inapungua. Abiria mnaombwa kuangalia mizigo yenu." Mwongozaji alicheka hadi akakaa sakafuni. Shangazi akakasirika: "Mnacheka nini, mwanangu? Huko angani hakuna wezi?" Maneno yale yamebaki kwenye filamu, nanyi mtaona kwamba mahali yalipowekwa hayachekeshi hata kidogo.

Wa pili ni Mama Sare. Nani hapa hakuvaa shati la shule lililoshonwa na mama huyu? Alianza kwa kutia viraka nyumbani, akaajiriwa kiwandani, kiwanda kikafungwa, akarudi barazani kwake na cherehani yake, akaanza upya bila kumlaumu mtu. Aliombwa atushonee mavazi ya angani, na zaidi ya hayo vazi la kiumbe wa nyota, lenye magamba ya fedha kuanzia utosini hadi vidoleni, lililokusudiwa kuvaliwa na bondia mmoja mrefu. Lilipokamilika, bondia hakuweza kuingiza hata bega. Mama Sare akalijaribu yeye, likamkaa kama ngozi. "Sasa jamani," akasema, "nguo imenikubali mimi, niikatae?" Mume wake aliniambia pembeni kwamba alimwona akijipima kwa futi mbele ya kioo kabla hajakata kitambaa. Mtu aliyeshona maisha yake yote ili watoto wa wengine watazamwe, akijishonea mara moja ili atazamwe yeye, kosa liko wapi?

Wa tatu ni fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kiti chake, kama mnavyoona, ni kitupu. Jina lake la mtaani ni Nakuja. Ukimpigia simu kuulizia geti lako, atakwambia, "Nakuja, niko njiani," huku nyuma yake unasikia nyundo inagonga geti la mtu mwingine. Chelewa chelewa utakuta mtoto si wako, wahenga walisema, lakini Nakuja amechelewa kila mahali na kila kitu bado ni chake, kwa maana akifika hufanya kazi ambayo hakuna wa kuirudia. Chombo chetu cha anga ni tangi la maji lililokuwa limeachwa nyuma ya ghala. Alilikata, akalitia madirisha, akalitia mlango unaoteleza kwa reli na kujifunga kwa kishindo, mlango mzito ambao sote tuliuogopa. Na kwa kuwa alikijua chombo kuliko sisi sote, alipewa nafasi ya fundi wa chombo, yule ambaye katika hadithi hutoka nje kuziba tundu, kisha hukimbia arudi kabla chombo hakijaondoka.

Naona mlango wa nyuma bado uko wazi. Tafadhalini, ndugu zangu.

Sasa nafika kwa Kapteni. Kiti chake nacho ni kitupu, lakini huyu si mtu wa kuchelewa.

Mzee wetu huyu alikuwa mwendesha lifti katika lile jengo refu la maofisi, tangu lifti ilipokuwa na mlango wa vyuma vya kukunja, hadi ilipoletwa yenye milango miwili inayokutana katikati. Alivaa sare iliyopigwa pasi, akakaa kwenye kibao kidogo, akawapandisha mawaziri na wafagiaji kwa salamu ileile. Alikuwa na mwiko mmoja: mlango haufungwi mtu akiwa anakimbia. Ukisikika mguu unakuja ukumbini, mguu wake wa kulia ulikuwa umeshatoka na kuuzuia mlango, hata kama ndani wakubwa wananung'unika. Mke wake, aliyeketi pale na kitambaa cha bluu, atakuwa shahidi wangu. Aliniambia, "Shemeji, mume wangu hununua viatu jozi, lakini huvaa kimoja. Cha kushoto kinabaki kipya. Cha kulia kimetafunwa ubavuni kama kimeliwa na panya." Wale waliofika jengoni wamechelewa kwenye usaili, wamechelewa kusaini, wamechelewa kumwona daktari wa ghorofa ya juu, wanajua kiatu kile kiliwafaa nini. Na siku walipokuja mafundi kufunga lifti mpya isiyohitaji mtu, walikuja na masanduku makubwa mikononi, wakikimbia. Mzee aliwazuilia mlango.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa ukapteni, kwa sababu mwongozaji alitaka mtu aliyezoea kukaa ndani ya chumba kidogo akiwapeleka wengine juu.

Sikilizeni basi lililotokea. Hadithi, kama nilivyoipiga chapa mwenyewe kwa taipureta yangu, ilikuwa hivi: hewa inaisha, fundi yuko nje anakimbia, Kapteni anamtazama dirishani, analia, anabonyeza kitufe, mlango unafungwa, fundi anabaki. Niliandika pale maneno ya Kapteni ya kuaga, marefu kiasi, yakianza na "Kwa masikitiko makubwa". Shangazi aliyasoma akaniuliza, "Kaka, nani atasema yote haya huku anakosa hewa?" Tukayafuta. Likabaki chozi na kitufe tu.

Nakuja akakimbia. Kapteni akalia, machozi ya kweli. Mkono ukabonyeza kitufe. Mlango ukateleza kwa kishindo, ukagonga kiatu.

"Kata!" akasema mwongozaji. "Mzee, mguu."

"Mguu gani?"

"Wako."

Mzee akatazama chini kama mtu aliyeuona mguu wa mgeni. "Nisamehe, mwanangu. Turudie."

Tukarudia. Mguu ukatoka. Mwongozaji akaufunga kwenye kiti kwa gundi ya karatasi. Mguu ukatoka pamoja na kiti. Mazoea yana taabu, ndugu zangu! Nakuja, ambaye kila mara alilazimika kukimbia upya ndani ya vazi zito, alijitupa chini akapiga kelele, "Mzee, nifungie basi, nife nikapumzike!"

Hapo ndipo Mzee alipomjibu maneno ambayo hayamo kwenye karatasi yangu. Alisema, "Kuchelewa ni tabia yako, Nakuja. Kukuacha isiwe tabia yangu."

Mwongozaji hakusema "kata". Akasema, polepole, "Mzee, urudie hayo. Nakuja, simama, kimbia." Na safari ile kamera iliachwa iendelee. Mguu ulitoka, fundi aliingia, mlango ukafungwa nyuma yake, na hadithi yetu ikageuka, kwa sababu sasa hewa ilikuwa ya wachache na watu walikuwa zaidi. Walifanya nini? Hilo mtalitazama wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nimefika kwenye ombi.

Wewe uliiona filamu hii kabla yetu, ukaipenda, nasi tunakushukuru. Ulisema utaionyesha nchi nzima kwa sharti moja, kwamba mwisho urudi ulivyokuwa mwanzo: mlango ufungwe, fundi abaki. Hukusema kwa ubaya. Ulisema mtazamaji aliyelia hasahau, na hilo ni kweli, mimi mwenyewe sijasahau vilio vyangu. Ulitushauri hata njia: achukuliwe mtu mwingine, upigwe picha mkono wake tu na kitufe, na uso wa Kapteni utumike uleule uliokwisha kulia.

Mwongozaji wetu alilibeba neno hilo hadi nyumbani kwa Mzee. Kwake yeye lilikuwa jambo zito, kwa kuwa filamu hii ikikataliwa na televisheni itaonyeshwa leo, katika ukumbi huu, kisha itarudi kabatini pamoja na picha za paspoti ambazo wenyewe hawakuzifuata. Mzee alimsikiliza, akamkaribisha chai, kisha akasema, "Mkono utakuwa wa mwingine, mwanangu, lakini uso ni wangu. Lile jengo lina watu. Watawasha televisheni, wataniona nimemfungia mtu mlango." Kisha akaongeza, "Mkiona inafaa, fanyeni. Sitawazuia. Ila mimi sitaitazama."

Tuliitisha kikao cha waigizaji. Nilitarajia Nakuja aunge mkono mlango ufungwe, kwa maana mwigizaji gani hapendi kufa vizuri? Akasema, "Kweli nilishajiandaa kufa, hata mke wangu nilimwambia aje na leso. Lakini nimeshaokolewa. Nikifa sasa itaonekana nimekataa."

Basi kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa, naomba kwa niaba yao wote mlango uachwe kama mguu ule ulivyouacha. Nina hoja moja tu, na nimeipima usiku na mchana. Hadithi ya kisayansi ya kubuni, kama nilivyofundishwa na binti huyu, ni hadithi ya mambo ambayo bado hayajakuwepo. Je, ni nani katika ukumbi huu hajawahi kufungiwa mlango? Ni nani hajakimbia na karatasi mkononi akafika dirisha linashuka? Mlango unaofungwa upo tayari, tunao kila ofisi, hauhitaji chombo cha anga. Mtu aliyekabidhiwa mlango, hewa ikiwa inaisha, wakubwa wakiwa wananung'unika nyuma yake, kisha akatoa mguu: huyo ndiye bado tunamsubiri. Televisheni yako ikituonyesha huyo, itakuwa imetuonyesha nyota ya mbali kweli.

Nami sasa nakerwa na ule mwanga. Nimeomba mara mbili mlango ufungwe, na...

Ndugu wageni waalikwa, hebu geukeni nyuma.

Nilidhani viti viwili vya mbele ni vitupu kwa sababu mbalimbali. Kumbe ni sababu moja. Mzee, mwanga ulikuficha nisikuone; umesimama hapo tangu nilipoanza salamu? Unamzuilia nani mlango?

Anasema fundi amepiga simu, yuko njiani.

Mheshimiwa Mkurugenzi, filamu haiwezi kuanza mlango ukiwa wazi, na wewe ndiwe mkubwa wetu mchana huu. Sitaki jibu la ombi langu sasa. Nakuuliza dogo tu, la papa hapa. Tumwambie Mzee autoe mguu, tumfungie Nakuja nje?

Mheshimiwa anatikisa kichwa. Ameshasema hapana. Ukumbi mzima umeona, na Mama Sare ameshaanza vigelegele.

Kwa hiyo sina la kuongeza. Nawashukuru mwongozaji, waigizaji, familia zilizowavumilia, na wewe, Mheshimiwa, kwa kutikisa kichwa mbele ya mashahidi. Mcheza kwao hutunzwa. Watunzeni hawa kwa makofi yenu. Ninyi wa viti vya nyuma, sogeeni kidogo, nasikia mtu anakimbia barazani. Asanteni kwa kunikopesha masikio yenu muda wote huu.

Kapteni, akishaingia, fungeni mlango, mje mkae.