Wawili Wanaondoka Ijumaa, Mmoja Ndiye Anayeagwa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha sosholojia chuoni hapa, Mhadhiri Mwandamizi tunayemwita Mama Sababu anastaafu Ijumaa hii. Kamati ya Sherehe imeniomba mimi, niliyekaa naye ofisi moja muda mrefu, niandike maneno mazuri. Nitayaandika. Na mengine pia nitayaandika, kwa kuwa mwenyewe ameniapisha nisinyamaze.

Alianza kazi akiwa na viatu vya kuazima na sauti ya kumwamsha aliyelala safu ya nyuma. Jina alilipata muhula wa kwanza. Mwanafunzi akiandika kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu, alirudishiwa karatasi ikiwa na neno moja la wino mwekundu: Sababu? Akija na jibu kwamba maskini hurithishana tabia mbaya, aliulizwa matajiri wao hurithishana nini. Darasa lilicheka, kisha likaanza kufikiri. Nadharia zote alizifundisha kwa haki, hata zile zilizomchefua.

Ipo moja inayodai kwamba jamii hulipa zaidi kazi zilizo muhimu zaidi, hivyo lazima wengine wawe juu na wengine chini. Mkuu wetu wa Idara anaipenda kama mboni ya jicho lake. Wiki ile wafanyausafi walipogoma, Mama Sababu aliuhamishia mhadhara huo kwenye korido, mlangoni mwa vyoo, na Mkuu akaalikwa kukaa mbele. Aliitetea nadharia yake huku ameziba pua kwa leso, na kabla ya saa sita akaomba mjadala uahirishwe.

Sasa tuje kwa mfanyausafi wa jengo letu, ambaye sote tunamwita Shangazi. Aliajiriwa wiki ileile aliyoajiriwa Mama Sababu, na tangu hapo wanaitana wifi, ingawa hakuna kaka aliyewaunganisha. Mmoja baba yake alikuwa karani, akamsomesha hadi mwisho. Mwingine aliacha shule mama yake alipofariki, akabaki kuwalea wadogo zake. Hakuna aliyekuwa mvivu kati yao. Kisha chuo kikawakabidhi wafanyausafi wote kwa wakala, tena mwezi uleule tulipoandaa kongamano kubwa kuhusu umaskini. Mganga hajigangi. Shangazi alilala mwajiriwa, akaamka kibarua. Ufagio ni uleule, korido ni zilezile, ila kiinua mgongo hana.

Naye anaacha kazi Ijumaa hii hii, maana magoti yamekataa. Kamati ilipogawa majukumu ilimkumbuka vizuri sana: ikampa kazi ya kupanga viti na kugawa chai kwenye sherehe ya mwenzake. Nilipohoji, nikajibiwa kwamba huyo si mtumishi wetu, ni wa wakala. Ndivyo tulivyo, sisi tunaotoa shahada za kuchambua matabaka! Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe haijashuka hadi ninapoandika haya.

Mama Sababu alipopata habari, alikataa kukaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima mpaka kiwekwe cha pili kando yake. Shangazi alimcheka: "We wifi, usije ukakosa keki bure kwa ajili yangu." Mama Sababu hakumsikiliza. Zawadi aliyoiomba kwa kuagwa ni moja tu: Mkuu wa Chuo asimame mbele ya wote, aeleze kwa nini mmoja anaondoka na pensheni na mwingine anaondoka mikono mitupu. Tumeliweka swali hilo kwenye ratiba, mahali pa hotuba yake. Tumempelekea mapema, asije akasema amevamiwa.

Mama Sababu, asante kwa kutukera miaka yote hiyo. Nenda kapumzike, lima bustani yako, lala mchana bila kengele ya kipindi. Tunakuombea maisha mema kwa moyo mmoja.

Shangazi, asante kwa kila asubuhi tuliyoingia ofisini tukakuta pasafi, tukadhani panajisafisha. Wewe maisha mema hatukuombei. Umeshayafanyia kazi, tunayadai.