Malkia Asiyechapika

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu nje ya kibanda cha fundi viatu. Mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa tairi, na anayekaa upande huo hujifunza kukaa kwa adabu. Siku hiyo walikuwa watatu: Fundi mwenyewe, kiatu magotini na daftari juu ya kiatu, Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye akikosa wateja huleta ulimi wake, na Breki, dereva mstaafu, mwenye birika la kahawa na tabia ya kusema mwisho. Fundi alikuwa na shida ya muswada wake. Miaka sita alikuwa akiandika hadithi ya majoka na falme za mawinguni, na binti yake, karani, ndiye aliyekuwa akimchapia. Asubuhi hiyo binti alimrudishia daftari. "Baba, sichapi tena," alisema. "Majoka yako yote ni watu. Huyu malkia ndiye si mtu." Mashindano ya miswada yalikuwa yanafungwa kesho yake, na binti alisema atapita saa kumi kuona kama malkia amebadilika.

— Hebu tusomee anapoingia, alisema Breki.

Fundi alikohoa. "Malkia wa Ukungu aliingia, nywele zikimwagika kama mto, macho kama nyota mbili, kiuno..."

— Ngoja kwanza, alisema Wembe. Hizo nywele zinamwagika kurasa ngapi?

— Tatu.

— Tatu! Mimi nakata nywele mwaka wa ishirini huu, sijawahi kuwa na la kusema kurasa tatu. Baada ya nywele anafanya nini?

— Anatekwa na joka.

— Halafu?

— Anasubiri.

— Mpaka lini?

— Ukurasa wa mia mbili na kumi. Anakuja kuokolewa na fundi viatu.

Breki alipaliwa na kahawa.

— Fundi viatu! Wa umri gani?

— Kijana, alisema Fundi akitazama pembeni. Mrefu.

— Sikiliza, mzee mwenzangu, alisema Breki akijifuta kidevu. Dawa yake ndogo tu. Mpe upanga. Awafyeke wote, asicheke, asilie, asile.

— Asile?

— Shujaa ulishamwona wapi anakula?

— Hapo umemchukua mwanaume ukamvisha gauni, alidakia Wembe. Mwanamke wa hadithini lazima awe na jeraha la moyo. Ua baba yake.

— Nimeshamuua.

— Ua na mama.

— Wote wawili, ukurasa wa kwanza.

— Basi ua shangazi!

— Shangazi ndiye mchawi, alisema Fundi.

— Kwani humo ndani kuna wanawake wangapi? aliuliza Breki.

— Hao wawili. Wanatosha. Nina majoka kumi na manane, kila moja na jina lake na ugonjwa wake.

Wembe alisimama, na benchi likayumba.

— Mfiche! Awe sauti tu nyuma ya pazia. Binti yako atamlaumu vipi mtu asiyemwona?

— Nyie mnazunguka bure, alisema Breki. Binti kasema majoka ndiyo watu. Basi mgeuze! Joka la kumi na tisa!

Na Fundi, Mungu amsamehe, aliandika pembeni: joka la 19. Barabara ilikuwa imejaa wanawake wanaopita, na hakuna hata mmoja kati ya hao mabingwa watatu aliyefikiria kumuuliza yeyote.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia wote, ingawa Wembe aliitikia kwa shingo upande, maana hajioni mzee.

Mwanamke mmoja alitoa kiatu kwenye mfuko. Alikuwa amesimama pale kwa muda, akisikiliza. Fundi alikigeuza kiatu akapitisha kidole kwenye soli, na uso wake ukatulia kidogo.

— Dada, kazi yako ni ya kusimama, alisema. Uzito unauweka kulia. Goti la kushoto liliumia, tena zamani. Na asubuhi unatoka mbio, maana huku mbele kumeisha kabla ya kisigino.

— Niliumia darasa la tano, nikiruka ukuta wa shule, alisema mwanamke. Yote hayo umeyaona hapo?

— Yako wazi.

— Na huyo malkia mnayemgombania, soli yake imelika wapi?

Fundi alifungua daftari, akapekua kurasa.

— Yule hatembei, Breki alimsaidia. Anaelea.

— Anaelea kwenda wapi?

Breki alijimiminia kahawa nyingine.

— Kiatu nitakipitia mchana, Fundi. Nina safari, alisema mwanamke, akaenda zake.

Fundi aliona haya, haya ya kweli. Alikuwa amemsoma hadi goti mtu asiyemjua hata jina, lakini malkia aliyelala naye kichwani miaka sita hakujua anakotoka wala anakokwenda. Alilifuta joka la kumi na tisa. Alizifuta kurasa tatu za nywele, mstari mmoja mnene juu ya kila ukurasa, kisha akaandika polepole: "Malkia wa Ukungu alishuka ngazi akichechemea."

Wembe alichungulia.

— Anachechemea kwa nini?

— Sijui, alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu amtunge, alitamani kujua.