Marudio ya Fainali

WELDA: Haloo? Dada? Ni mimi, mdogo wako.

DADA: Nani kakwambia una dada huku?

WELDA: Usikate! Shemeji anaendeleaje?

DADA: Taya limevunjika mara mbili. Jicho la kushoto… Daktari anasema tusubiri. Umempiga mume wangu kwa bomba la chuma, kisa mchezo wa simu!

WELDA: Ilikuwa fainali, dada, tuko timu moja. Niliona jeshi lake linakimbia, likaniachia ngome tupu. Nikajua katuuza. Damu ikanichemka—

DADA: Na alikuomba! Nilikuwa pale mlangoni. “Shemeji, kwanza tuangalie marudio kama siku zote.” Ukamtwanga la mdomo!

WELDA: Ndicho nilichopigia. (mikwaruzo) Unanisikia?

DADA: Unakatakata. Sema!

WELDA: Nimeyaangalia. Upande wangu sikuona kitu. Nikageuza, nikatazama mechi yote upande wake. Amri ya kurudi nyuma imetoka kwangu, dada. Kwenye simu yangu.

DADA: Kwako?

WELDA: Nilicheza na bendeji kwenye kile kidole gumba nilichokiunguza nikichomelea. Ikagusa kitufe. Na nahodha ni mimi, nikiamuru, jeshi lake linarudi lenyewe. Hakufanya lolote. Lolote!

DADA: Mungu wangu.

WELDA: Mpe simu nimwambie.

DADA: Akujibu kwa mdomo upi? Umeshonwa! Haya, nimemwekea sikioni. Sema, mwuaji wee.

WELDA: Shemeji, kosa ni langu. Langu peke yangu. Nimekuumiza bure. Nisamehe, kaka.

DADA: Analia… Ngoja, anataka kalamu. Anaandika.

WELDA: Dada, kaandika nini?

DADA: “Mwambie akimbie.”

WELDA: Nimkimbie nani?

DADA: Wadogo zake. Wametoka hapa na mapanga, muda tu. Na ufunguo wa karakana yako… nimewapa mimi.

WELDA: Wewe?

DADA: Nilikuwa na hasira! Nilitaka wakuvunje kama ulivyomvu—

WELDA: Dada, kuna watu mlangoni.

DADA: Pita dirishani! Haraka!

WELDA: Lina nondo, dada. Nilizichomelea mwenyewe—

DADA: Haloo? Haloo! Mwacheni! Jamani, kaka yenu mwenyewe kasema mwacheni! Mnanisikia? Haloo?