Mwalimu Rosinta na Watoto Aliowapeleka Dukani

Wazee wa ukoo, wachungaji, majirani, na ninyi wengi mliopita darasani kwake: familia imenipa mimi, Lasma, mzaliwa wake wa kwanza, kazi ya kuyasoma maisha ya mama yetu kabla hatujamsindikiza. Nitajitahidi nifike mwisho.

Marehemu Rosinta, wa ukoo wa Sidauruk, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1958 huko Pangururan, kisiwani Samosir, akiwa mtoto wa tatu wa wazazi waliolima vitunguu na kufuga nyati wawili. Bibi alikuwa akisema kwamba Rosinta alizaliwa na wasiwasi. Baba yake akivuka ziwa kwenda kuuza vitunguu, yeye alikaa gatini hadi mashua irudi, na chakula hakishuki.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapohapo Pangururan, kisha mwaka 1974 akaja Pematangsiantar kwenye shule ya ualimu, akahitimu mwaka 1977. Alitusimulia kwamba utotoni hesabu zilimtia hofu, kwa kuwa mwalimu wao alimsimamisha mbele kila aliyekosea mpaka kengele ilie. Alizishinda kwa kukesha nazo. Lakini alipoanza kufundisha mwaka 1978, katika shule ya msingi iliyo nyuma ya Soko la Horas, naye aliwasimamisha watoto. Hakujua namna nyingine.

Tarehe 2 Julai 1983 alifunga ndoa na baba yetu, Saut Manihuruk, fundi wa pikipiki zile kubwa zenye kigari ubavuni. Baba ni mtu wa utani na Mama alikuwa mtu wa hofu, na nyumba yetu ilikwenda hivyo. Tulizaliwa watatu: mimi, Poltak na Dame.

Sasa kuna jambo lililotokea Jumamosi tarehe 14 Desemba 1996. Ningeliruka, lakini Tiurlan Simarmata, ambaye yuko nasi hapa leo, ameomba lisomwe. Mimi na yeye tulikuwa darasa la sita, na mwalimu wetu alikuwa Mama.

Siku zile Mama alichoka kuona wazazi wakirudi kutoka madukani wamelipa kuliko walivyotarajia. Mabango yalisema punguzo la asilimia hamsini jumlisha ishirini, na watu wakadhani wamepunguziwa sabini. Akaamua kutupeleka kwenye duka kubwa la nguo la Mawar Indah, tukajifunze kwenye bidhaa zenyewe. Alitufundisha njia yake: anza na asilimia kumi, ni kuondoa sifuri moja tu, ishirini ni hiyo mara mbili, tano ni nusu yake. Tulikwenda kwa miguu, tumeshikana mikono, na sare zetu za skauti za kahawia, mvua ikinyunya.

Duka lilifurika watu wa Krismasi. Mama akasimama kwenye rafu ya viatu akatuonyesha jozi ya rupia elfu arobaini yenye bango hilo, akauliza tutalipa ngapi. Waliopata jibu la kweli wasimame kulia kwake, waliokosea kushoto. Punguzo la kwanza linakushusha hadi elfu ishirini. Lile la pili halikatwi kwenye arobaini, linakatwa kwenye hiyo ishirini iliyobaki, kwa hiyo unalipa elfu kumi na sita. Wengi wetu tulikwenda kulia. Mama alipotuhesabu ili tuondoke, Tiurlan hakuwapo kulia wala kushoto.

Nakumbuka uso wa mama yangu. Alituweka chini karibu na mlango, akaniambia nisimruhusu yeyote ainuke, akarudi ndani mbio. Jina la Tiurlan lilitangazwa kwenye kipaza sauti, likatangazwa tena. Mlinzi akasema ameona msichana wa sare ya kahawia akitoka kwa mlango wa nyuma, unaoelekea Mto Bah Bolon, na mto ule ulikuwa umejaa. Mama alishuka hadi ukingoni bila mwavuli. Aliporudi alikuwa ametapakaa tope, na kiatu kimoja hana. Mtu alishatumwa kwenda kumwita baba yake Tiurlan.

Akaanza kupekua duka upya. Kwenye vyumba vya kujaribia nguo, chini ya pazia la mwisho, akaona viatu vya shule. Nilikuwa nimemfuata, Mungu anisamehe kwa kuinuka, kwa hiyo nilisikia.

"Tiurlan, mwanangu, hukusikia tunakuita?"

"Nilisikia, Mwalimu."

"Mbona hukutoka?"

"Mimi nilipata elfu kumi na mbili. Nilijua utanisimamisha mbele za watu wote hawa."

Mama hakumgombeza. Aliketi sakafuni na tope lake. Halafu akasema, "Aliyeandika lile bango alitaka upate kumi na mbili. Mtego wameuweka watu wazima, wewe umeingia tu. Lakini kukuogopesha, hilo nimelifanya mimi."

Mzee Simarmata alipofika alimkumbatia binti yake kwanza. Kisha akamwambia Mama, bila kupaza sauti, "Mwalimu, nilikupa mtoto ili umfundishe. Sikukupa ili nije nimtafute mtoni." Mama aliomba radhi mbele ya wanunuzi wote. Jumatatu mwalimu mkuu alipiga marufuku safari za madukani na kumwambia kwamba huenda akahamishiwa mbali.

Krismasi ile Mama hakula. Hata arsik ya samaki, chakula alichokipenda kuliko vyote, aliisukuma pembeni. Alimwambia Baba anaacha ualimu. Baba akajibu, akiwa anafuta oili mikononi, "Wenzako huacha kazi wakipoteza mtoto. Wewe wako amepatikana, ndiyo unaacha?" Mama alikasirika, hakumsemesha hadi mwaka mpya. Lakini Januari alirudi darasani.

Akalileta duka shuleni. Tulibeba kutoka nyumbani maboksi ya sabuni, pakiti za tambi na makopo matupu, tukayabandika bei na punguzo. Mmoja alikuwa muuzaji na mwingine mnunuzi, na waliruhusiwa kubishana. Hakuna aliyesimamishwa tena. Jibu uliliandika kwenye karatasi, Mama akapita kati ya madawati, na ukikosea aliinama akauliza polepole umefikaje hapo. Barua ya uhamisho haikuja. Miaka mitatu baadaye wazazi wenyewe waliomba safari irudi, wakaja kusaidia kushika mikono ya watoto, Mzee Simarmata akiwa wa kwanza kufika. Mama alifanya safari hizo kila Desemba mpaka alipostaafu mwaka 2018, na mkesha wa kila safari hakulala.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kumsumbua. Agosti 2023 daktari mmoja huko Medan alituambia kwamba upasuaji ungepunguza hatari kwa nusu. Sisi watoto tulifurahi. Mama akauliza, "Nusu ya ngapi, daktari?" Yule daktari kijana akacheka kidogo, kisha akaona kwamba mgonjwa hacheki. Akaeleza: katika watu mia walio na hali kama yake, ishirini hawamalizi mwaka, wakipasuliwa, ni kumi. Mama akatushika mikono. "Kumi nao ni watu," alisema. "Lakini haya, tufanye."

Alipasuliwa tarehe 26 Septemba, akarudi nyumbani, akaanza kutembea uani. Mwezi Novemba mapafu yakapata maambukizi, akalazwa hapa Pematangsiantar. Poltak alikuwa kazini Batam. Jumanne tarehe 14 alipanda ndege asubuhi, akatua, akaingia barabarani katikati ya mvua kubwa, kisha simu yake ikakatika. Redio ilitangaza kwamba udongo umeporomoka njiani. Tulijaribu kumficha Mama habari hiyo, lakini hakuwa mtu wa kufichwa. Kila aliyeingia alimuuliza, "Poltak amefika?" Dame akamwambia asiwe na hofu. Mama akasema, "Niacheni niogope. Ni mtoto wangu." Saa kumi na dakika kumi jioni alitutoka, uso wake umeelekea mlangoni.

Poltak alifika saa moja usiku, amelowa, mzima. Gari lao lilikuwa limezuiwa tu nyuma ya maporomoko.

Marehemu ameacha mume, Saut Manihuruk, watoto watatu, mimi Lasma, Poltak na Dame, wakwe wawili, wajukuu wanne, kaka yake mkubwa kule Pangururan, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote.

Mama, Poltak yupo hapa, ameketi karibu na Baba. Dame yupo. Wajukuu wako wote wameshikana mikono. Hakuna aliyebaki njiani. Lala sasa, Mama, kwa amani ya Mungu, usitutazamie mlangoni tena.